Kioo cha Mlango wa Nyuma, Upande wa Kushoto

Jumanne, mwezi wa Julai. Itetemia, Tabora.

Asubuhi ilikuwa na baridi ya kuuma vidole. Kipupwe cha mwaka huu kimekuja na upepo wake wote, na vumbi limeingia mpaka ndani ya kabati la vitabu. Nimevaa koti tangu alfajiri na sijalivua, ingawa sasa ni saa nane mchana na jua liko juu ya bati.

Desturi yangu ni kuandika shajara hii baada ya kazi za siku kwisha. Leo nimeiacha kazi katikati. Fundi ameondoka, mlango mmoja wa gari umebaki wazi uani, nami nimeketi barazani na simu hii ambayo Zuhura alinifundisha kuandikia.

Mikono yangu inanuka asali.

Zuhura ni binti wa mdogo wangu Idi, aliyeko Urambo. Yeye ndiye aliyenifungulia blogu hii nilipostaafu ualimu. Alisema mtu aliyesahihisha insha za wenzake maisha yake yote sharti naye aandike za kwake zisomwe. Huisoma kila ninapoandika, na nikikaa wiki mbili bila kuandika hupiga simu kuuliza kama ninaumwa.

Mwezi ujao anaolewa. Alikuja mwenyewe kuniarifu, akapiga magoti kama alivyolelewa, akanipa ujumbe wa baba yake. Idi anataka niende Urambo na gari la mama, bibi harusi apandishwe humo. Tena, kabla ya ndoa kufungwa, Idi anataka kusimama mbele ya wazee wa ukoo na kuniomba radhi.

"Baba anasema hawezi kumwoza mtoto akiwa na kinyongo na kaka yake," alisema Zuhura. "Anasema kosa lilikuwa lake, baba mkubwa."

Nilimjibu: "Nimesikia."

Nilijibu kama hakimu. Ni lazima niandike ukweli: siku ile nililala vizuri.

Gari lenyewe ni saluni ndogo ya Kifaransa, rangi ya maziwa, yenye milango minne. Baba alilinunua likiwa limekwisha tumika, na alipofariki likawa la mama. Mama hakujua kuendesha. Mimi mkubwa ndiye niliyekuwa dereva wake, naye alikuwa na kiti chake: nyuma, kushoto. Kwa miaka kumi na tisa gari hili limesimama bandani nyuma ya nyumba yangu, vioo vyote vikiwa vimefungwa. Watu walidhani nalitunza kwa ajili ya kumbukumbu. Sikuwasahihisha.

Nitaeleza siku yenyewe, kwa sababu Zuhura alikuwa mtoto na alichosikia alikisikia kwangu.

Tulikuwa tumempeleka mama Choma, kwa ndugu zake wafugaji, kwenye hitima. Ulikuwa mwezi kama huu, baridi asubuhi na upepo kutwa. Tukiwa njiani kurudi Tabora, mama akaanza kukosa pumzi. Mimi nilikuwa usukani. Idi alikuwa nyuma, amemwegemeza mama mlangoni, akimpaka mafuta ya kuchua kifuani na mikononi. Mama akasema: "Fungueni kioo, wanangu. Nipate upepo."

Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kulia. Nilishusha kioo changu, vumbi likaingia kama unga, mama akakohoa vibaya, nikakipandisha upesi. Upande wake, kushoto, ndio uliokuwa umekingwa. Idi akapitisha mkono mbele yake, akazungusha mkono wa kioo. Hakikushuka. Akazungusha kwa nguvu zaidi. Nilisikia mlio kama wa mfupa, na nilipotazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma nilimwona Idi ameshika mkono wa kioo, umevunjika, umebaki kiganjani mwake.

Mama hakupiga kelele. Aliweka mkono wake kwenye kioo, akakisukuma kidogo, kama mtu anayesukuma dirisha la nyumbani. Alikata roho kabla hatujafika mjini.

Daktari alituambia siku ileile kwamba moyo ulikuwa umechoka, na kwamba upepo wa dirishani usingebadili kitu. Nilimsikia vizuri. Idi naye alimsikia. Lakini mama aliomba kitu kimoja tu, kitu ambacho hata mpita njia angempa, na sisi wanawe wawili hatukumpa.

Siku ya tatu ya msiba, uani pamejaa watu, Idi alikuwa akigawa kahawa. Nilimwambia, kwa sauti ya darasani: "Wewe ndiye uliyemnyima mama pumzi yake ya mwisho. Unatumia nguvu mahali panapotaka akili."

Alisema: "Kaka, kioo kilikuwa hakiteremki. Kiliganda."

Nikasema: "Kimegandaje? Kilikuwa kizima."

Aliweka birika chini. Hakungoja arobaini. Alihamia Urambo na mkewe na watoto, akaanza kulima tumbaku, na tangu hapo tumekutana makaburini tu, tukapeana mikono kama watu wa ofisi mbili tofauti.

Sasa nieleze ya leo.

Fundi wangu ni Seifu, Mzaramo. Ukoo wake ulifika Tabora zamani kutoka pwani, na babu yake na babu yangu walibeba mizigo katika njia moja, basi sisi ni watani, na mtani hana adabu wala haombwi kuwa nayo. Mama alipozikwa, Seifu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Aliruka kaburini kabla ya mwili, akajilaza, akasema nafasi ile ni yake na hatoki mpaka apewe kuku. Watu walicheka huku wakilia. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Kwa hiyo alikuwapo pia siku ya tatu, nilipomwambia Idi yale niliyomwambia.

Injini aliimaliza mwezi uliopita. Jana alifungua milango mitatu. Vioo vyake vilikuwa vizito kwa kutu na vumbi tu; alivua kava za ndani, akasafisha mashine zinazopandisha kioo, akabadilisha raba, vikatembea. Leo ulibaki mlango wa nyuma wa kushoto.

Nilitaka kumwambia auache. Nilitafuta sababu ya maana tangu kifungua kinywa na sikuipata.

Alipovua kava, alichungulia ndani kwa tochi, kisha akaingiza bisibisi kwenye mfereji ambamo kioo hupita. Akatoa kitu cheusi, kigumu, chembamba kama ukoko wa ugali. Akakinusa. Akakiweka juani juu ya boneti, akaendelea na kazi. Baada ya muda kitu kile kikalainika, kikawa na rangi ya kahawia, na harufu ikatoka.

"Nta," alisema Seifu. "Mtani, nta ya nyuki hii. Njoo uone maajabu ya Unyamwezi."

Nilikuja. Nilisimama kwa mbali kidogo.

"Nyinyi watu wa asali hamtosheki," alisema. "Mzinga juu ya mti, mzinga nyuma ya nyumba, na sasa mzinga ndani ya gari. Mlitaka nyuki wapande bure mpaka Nzega?"

"Fanya kazi yako, Seifu."

"Kazi ndiyo hii naifanya. Sikiliza, mtani, nikufundishe na wewe. Mti unataka nta. Kioo hakitaki. Kioo kinataka mfereji mkavu, na poda kidogo ya mtoto. Ukipaka nta, siku za joto kinateleza, unajiona fundi. Vumbi linaingia linanata. Ikija baridi, vyote vinakuwa saruji. Mkono wa kioo utavunjika na kioo hakitasogea." Alikuwa akicheka, anakwangua, vipande vinaanguka miguuni pake. "Aliyepaka nta hapa, kama yu hai tumfukuze mji. Kama amekufa, twende tukamfukue."

Sikucheka. Anayetaniwa huruhusiwa kutocheka. Anayetania huendelea tu. Lakini Seifu alikuwa amefika kwenye kishina cha ule mkono uliovunjika, bado kimo ndani ya mashine yake. Alikigusa kwa kidole. Nikamwona anakumbuka. Aliangalia kishina, akaangalia nta, akageuka akaniangalia mimi.

"Gari hili, zaidi yako, nani mwingine alikuwa akilishika?"

"Hakuna," nilisema.

"Na Idi?"

"Idi alikuwa abiria."

Aliweka bisibisi chini. Alipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, kwa upole: "Sawa, Mwalimu."

Katika miaka yote niliyomfahamu hajawahi kuniita Mwalimu. Ameniita mnyapara, ameniita fisi, ameniita mchukuzi wa meno ya tembo aliyepotea njia. Leo aliniita Mwalimu, na kuanzia hapo hakutania tena. Niliona afadhali angenitukana.

Nta niliipaka mimi.

Kioo cha upande wa mama kilikuwa kikigonga gonga kila tulipopita penye mashimo, na mama alikuwa akikilalamikia. "Hiki kioo kinanisema kama mke mwenza," alisema, na tukacheka wote. Nyumbani kwetu dirisha la mbao likikwama, mama hulipaka nta. Droo, komeo, uzi wa kushonea viatu, ngozi ya ngoma, vyote nta. Alikuwa akichuja asali na kuyeyusha masega mwenyewe. Basi mwishoni mwa masika yale alinipa bonge la nta lililofungwa katika kipande cha kanga, nami nikalisugua kwenye mfereji wa kioo, pande zote mbili, kwa kidole gumba, nusu ya asubuhi. Nilipomaliza, kioo kilikuwa kimya na kinateleza. Mama akakijaribu mara mbili. Akanisifu. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na sifa ile niliibeba wiki nzima.

Hakikufunguliwa tena mpaka siku ya Choma.

Ningeweza kuishia hapa. Msomaji angesema: maskini mzee, alisahau, leo amegundua. Ingekuwa insha nzuri, nami ningepewa pole.

Sikugundua leo.

Siku ya pili ya msiba nilitoka peke yangu kwenda kuliosha gari, kwa sababu sikuweza kukaa na waombolezaji. Pembeni mwa raba ya mlango ule niliona ukoko wa manjano umechanganyika na vumbi. Niliukwangua kwa ukucha. Nikaunusa. Nikajua mara moja ni nini, na kwa nini kioo kiligoma, na kwa nini mkono ulivunjika mikononi mwa Idi. Nikachukua kitambaa cha maji ya moto, nikaupangusa ule ulioonekana.

Kesho yake nikasema yale niliyosema, mbele ya watu, Idi akiwa na birika mkononi.

Ndiyo maana gari halikuuzwa. Ndiyo maana hakuna fundi aliyeruhusiwa kuugusa mlango ule. Kuna nyakati nilikwenda bandani, nikafunua turubai, nikatazama kioo kile kwa nje. Mafuta ambayo Idi alimpaka mama yaliacha alama ndani ya kioo, kiganja kidogo, vidole vitano vimetanuka. Vumbi limekishika kiganja kile kwa miaka yote hii na kukifanya kionekane zaidi. Jua la saa tisa likipenya kwenye nyufa za banda, kinaonekana kama mtu yumo ndani. Mara mbili tatu niliitikia kabla sijajua kwamba nimeitikia.

Leo Seifu aliniuliza: "Nikisafishe?"

Nikasema hapana.

Alimimina mafuta ya taa kidogo kwenye mfereji, akaingiza kitambaa kwa ncha ya bisibisi, akasugua, akarudia, akakausha, akapuliza poda. Akafunga mkono mpya. Akazungusha. Mwanzoni kioo hakikusogea, na nitaandika aibu yangu yote: moyoni niliomba kisisogee. Kisha kikalia kidogo, kikaanza kushuka.

Kiganja kilishuka nacho. Vidole vilikuwa vya mwisho kuzama ndani ya mlango.

Upepo uliingia garini. Kiti cha mama kilipata upepo.

Seifu alikusanya vifaa vyake bila kufunga kava. Alisema atarudi kesho. Kile kipande cha nta alikiacha juu ya boneti.

Nimekichukua. Kiko hapa mezani, juu ya leso. Ndicho kinachonuka mikononi mwangu.

Nilimpigia Idi saa saba. Nilikusudia kusema lote.

"Shikamoo, kaka," alisema. Kule kwake nilisikia watu wakifunga mitumba ya tumbaku, wakiitana kwa Kinyamwezi.

"Marahaba. Kioo cha mlango wa mama kimefunguka."

Nilisikia akiwaambia watu wake wangoje. Kisha akasema: "Alhamdulillahi. Ule mkono, kaka, mpaka leo nauota. Nauona uko mkononi mwangu."

Nilikuwa na maneno. Nimekuwa na maneno maisha yangu yote. Nikasema: "Nitakuja Alhamisi," nikakata simu.

Kwa hiyo si mimi peke yangu ninayekiona kile kioo. Nimempa ndugu yangu ndoto yangu aiote, naye ameibeba miaka kumi na tisa akidhani ni yake. Na mwezi ujao atasimama mbele ya wazee, mwenye nywele nyeupe, aniombe radhi. Na mimi, nisiponena, nitanyoosha mkono na kumpa radhi. Wazee watasema amina. Hakuna atakayejua. Seifu atajua, na Seifu atanyamaza, kwa sababu amekwisha kuniita Mwalimu.

Nimejiuliza tangu adhuhuri kama naweza kulipokea ombi lile la radhi nikamwangalia Zuhura anapanda gari lile. Najua kwamba naweza. Hilo ndilo linalonitisha. Nimefanya mazoezi ya kutosha.

Basi nimeamua hivi. Sitaiweka shajara hii hadharani leo. Zuhura huisoma, na baba yake hastahili kulisikia jambo hili kwa mtoto wake. Nitakwenda Urambo kwa gari lile, na kipande hiki cha nta, nikamwambie uso kwa uso kabla ya wazee na kabla ya ndoa. Nikishindwa, maneno haya yatabaki ndani ya simu na atakayeyakuta ni yule atakayegawa vitu vyangu.

Jumatano.

Seifu alirudi asubuhi, akafunga kava. Nilimwambia ninakokwenda na ninachokwenda kukisema. Aliendelea kukaza skrubu mpaka ya mwisho.

"Basi beba kuku, mtani," alisema. "Mtu hatoki kaburini bure."

Alhamisi, Urambo, baada ya swala ya adhuhuri.

Nimemwambia. Tulikuwa tumesimama kando ya gari, nje ya uzio wake wa miti. Nilimwonyesha nta. Nilimweleza ya masika, na ya siku ya pili ya msiba, na kitambaa cha maji ya moto. Sikuacha kitu. Idi alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mikono yake nyuma, kama alivyokuwa akisimama mbele yangu utotoni.

Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaketi pale alipokuwa ameketi siku ile. Akapitisha mkono mbele ya kiti cha mama, akazungusha. Kioo kikashuka. Akakipandisha, na kiganja cha mama kikapanda nacho, kikasimama juani mbele ya uso wake. Sikuwa nimemwambia habari ya kiganja. Alikitazama muda mrefu. Halafu akakishusha tena, polepole mno, kama mtu anayemlaza mtu kitandani.

Akatoka. Hakuniangalia. Aliingia nyumbani kwake na hakufunga mlango.

Niko garini, kwenye usukani. Nimeshusha vioo vyote vinne, na harufu ya tumbaku inapita. Kuku niliyeambiwa na Seifu nimbebe amefungwa miguu chini ya kiti, anaguna. Ule mlango wa nyumba bado uko wazi, na sijui kama umeachwa wazi kwa ajili yangu au ni mtu tu aliyesahau kufunga.

Sasa naiweka shajara hii hadharani, nisipate njia ya kurudi nyuma. Kisha nitashuka, nimchukue kuku wangu, niende nikapige hodi.